Kiuno kinauma mwaka wa pili, nguvu anazo, kuinama hataki: mnaanzia wapi?

Fizio wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Swali hili ni kwa wanaoshughulika na maumivu sugu, yaani yaliyopita miezi mitatu, hasa ya mgongo na kiuno.

Chukueni mgonjwa wa aina hii, maana hapa Tanga hawakauki. Mama wa makamo, kwenye arobaini na kitu, anapika wali wa nazi na samaki wa kuuza. Kiuno kinamsumbua mwaka wa pili. Majibu ya picha ya MRI yanasema diski mbili za chini (vile vimto vya kati ya pingili) zimetokeza kidogo. Ukimpima, anatembea kwa visigino na kwa ncha za vidole, goti linaruka ukiligonga, haja zote mbili anazimudu, hakuna ganzi sehemu za siri. Homa hana, mwili haujapungua, usiku hatoki jasho. Kitandani ananyanyua miguu vizuri kabisa.

Sasa mwambie aokote kalamu sakafuni. Anapiga goti moja, mkono kiunoni, pumzi kaibana, uso umekunjamana. Mbuzi ya kukunia nazi hajaikalia tangu mwaka jana, anakuna binti yake. Mkanda wa mgongo havui hata akilala. Ameshapewa joto, ameshachuliwa, ameshapewa ile karatasi ya mazoezi ya picha sita. Nafuu siku mbili, kisha palepale. Usiku hapati usingizi, anawaza kupooza.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Hiyo hofu mnaipima vipi bila kumaliza saa nzima ya kliniki? Mnaanza na maneno au na vitendo? Na ni wakati gani mnaacha kusema "ni hofu tu" mkampeleka kwa watu wa afya ya akili?

Mkono kwa Mkono

Mkuu, jibu umeliweka mwenyewe pale uliposema pumzi kaibana. Mtu akiinama bila hofu, misuli inayopita kando ya uti wa mgongo inafanya kazi mwanzoni, halafu akifika chini kabisa inalegea, mwili unaning'inia. Kwa wengi wenye maumivu sugu hailegei. Weka vidole viwili viwili kila upande wa pingili za kiuno mgonjwa anapoinama, utaisikia imekaza kama kamba ya jahazi mpaka mwisho. Mtu anayekaza hivyo kutwa nzima lazima kiuno kimuume jioni, hata kama diski haina kosa. Na akiumwa anaona hofu yake ilikuwa ya haki. Kesho anakaza zaidi, anafanya kidogo zaidi, anazidi kudhoofika na kununa. Mzunguko huu watafiti Vlaeyen na Linton waliueleza vizuri mwaka 2000.

Bahati yetu Kiswahili kimetupa maneno mawili yaliyopakana: kuuma na kuumia. Kinachouma si lazima kiwe kimeumia. Mgonjwa wako ameyaunganisha, kila kikiuma anajua ameumia upya. Kazi yote ni kuyatenganisha, na hayatenganishwi kwa hotuba.

Kupima. Kuna dodoso la Tampa la hofu ya kujongea: maswali 17, alama 17 hadi 68, na wengi huhesabu zaidi ya 37 kuwa hofu kubwa. Maswali ya 4, 8, 12 na 16 yanahesabiwa kinyume, na hapo ndipo watu wanapoharibu: wanajumlisha moja kwa moja, alama zinatoka za uongo. Lipo na dodoso la kupima mtu anavyokuza mabaya akiwaza maumivu yake, maswali 13, alama 0 hadi 52, 30 na kuendelea ni nyingi. Ila ukilitafsiri mwenyewe mezani, kile kikomo cha alama hakihami pamoja na tafsiri. Litumie kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, leo na wiki ya sita, basi.

Kwa kliniki yenye foleni, picha ni bora kuliko dodoso. Waholanzi wana seti ya picha za kazi za kila siku kwa kazi hii, lakini picha za kupakia mabegi kwenye gari dogo hazimhusu mtu wa Makorora. Piga zako kwa simu, kumi hadi kumi na tano: ndoo ya lita 20 inanyanyuliwa bombani, fagio la chelewa, beseni la kufulia, baiskeli kwenye barabara ya mashimo, kushuka daladala ambayo haijasimama sawasawa, kubeba mtoto mgongoni, kuingia bajaji, kusujudu, mbuzi ya nazi. Chora mstari wa 0 hadi 100 kwenye karatasi, mgonjwa apange kila picha pale inapomtisha. Dakika kumi. Usiulize "inauma kiasi gani?" Uliza "ina hatari kiasi gani kwa mgongo wako?" Maswali hayo mawili majibu yake hayafanani, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Kisha unaanza na picha ya chini au ya kati, mnapanda. Nichukue hiyo mbuzi, maana ndiyo imemtoa kazini.

Leta mbuzi halisi na nazi halisi. Stuli haifai, mwili unajua tofauti. Kabla hajaikalia, mwambie aseme nini kitatokea, na aseme kitu kinachoonekana. "Nitaumia" haitoshi. Mbane kwa upole mpaka afike: "Diski itachomoka, nitashindwa kuinuka, mtanibeba." Mwulize anaamini kwa kiasi gani, 0 hadi 100. Akisema 90, andika 90 mbele yake.

Wewe kaa kwanza, ukune, mgongo wako ukiwa umepinda kawaida. Ukikaa umenyooka kama askari gwarideni umemfundisha kuwa ni hatari. Halafu yeye, mkanda ukiwa pembeni: kukaa na kuinuka. Kisha kukaa dakika moja. Kisha mikuno kumi. Kisha kizio kizima. Baada ya kila hatua unarudi kwenye ule utabiri ulioandikwa: diski imechomoka? Umebebwa? Atakujibu "hapana, lakini kimeuma". Sawa, kimeuma. Sasa unaamini kwa kiasi gani? Ikishuka 90 hadi 70, rudieni hapohapo, siku hiyohiyo. Usipande ngazi mpaka imani ishuke walau nusu. Mara mbili kwa wiki inatosha kama nyumbani anarudia kila siku.

Yanayoharibika ni haya. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, anasema "pumzika kidogo" pale hofu ilipo juu kabisa, mgonjwa anajifunza kwamba aliokolewa. Au anaachiwa vijanja vyake: mto chini ya makalio, mkono kiunoni, pumzi iliyobanwa. Akifaulu ataushukuru mto. Au kila kitu kinafanyika kliniki tu, na wewe ndiye unageuka kuwa mkanda mpya. Kizio cha tatu akikunie kwake, jikoni kwake, wewe haupo.

Mshika Mkanda

Nakubali mengi, ila hilo la mkanda pembeni siku ya kwanza ni kali kwa aliyeuvaa mwaka mzima. Wengine wanakataa kliniki moja kwa moja, humwoni tena.

Mkono kwa Mkono

@Mshika Mkanda, ni hoja. Basi tenganisha: wakati wa jaribio mkanda unavuliwa, maana jaribio likifanywa nao halijajaribu kitu. Saa nyingine za siku apunguze kwa ratiba: wiki ya kwanza asilale nao, ya pili auvae kwa muda wa saa nne tu mchana, ya tatu kwa muda wa saa mbili, kisha uingie kabatini. Mgonjwa akikataa kabisa, hilo lenyewe ni picha ya kuweka kwenye mstari: "kutembea mpaka sokoni Mgandini bila mkanda". Huenda ni 95, na umeipata bure.

Kliniki ya Alhamisi

Niongezee upande wa daktari na wa afya ya akili, maana swali la tatu la mwenye uzi ndilo linalorukwa.

Kwanza, hofu nyingi tunazipanda sisi. Mwulize mgonjwa "nani alikuambia utapooza?" na mara nyingi utasikia ni mtu mwenye koti jeupe: pingili zimesagika, mgongo wako wa bibi wa miaka themanini, usinyanyue kitu tena maisha. Uchambuzi wa 2015 uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ulikuta diski zilizotokeza kwa 30% ya wenye miaka 20, nusu ya wenye miaka 40, na 84% ya wenye miaka 80. Yaani ripoti ya mama huyo ni ripoti ya nusu ya wanawake wa rika lake wanaokuna nazi bila shida. Msomee ripoti yake kwa maneno hayo. Lakini kabla ya hapo mpime kweli, mguse, maana mgonjwa ambaye hajaguswa haamini kwamba yuko salama, na yuko sahihi kutoamini.

Na kabla hujasema "hofu", ondoa yale yanayostahili kuogopwa. Ganzi ya sehemu za siri, mkojo uliogoma au unaotoka bila taarifa, miguu inayozidi kulegea: hospitali leo, siyo kesho. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kibyongo kipya: fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, kwetu bado kipo. Saratani ya zamani. Na aliyetumia prednisoloni (dawa ya steroidi) muda mrefu, hasa zile dawa za kuchanganyiwa asizozijua jina, akianguka kidogo tu mifupa inaweza kuvunjika.

Sasa tofauti ya hofu na sonona. Mwenye hofu anataka kufanya ila haoni usalama. Mpe usalama, anafanya. Mwenye sonona hata akiwa salama haoni faida ya kufanya. Ukimpeleka huyu wa pili kwenye mbuzi, atakuna, imani itashuka, na wiki ijayo haji. Tumia PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ya Kiswahili ipo: maswali 9, alama 0 hadi 27, kuanzia 10 fuatilia kwa makini. Kuna mtego, lakini. Usingizi, uchovu na kula ni maswali ya 3, 4 na 5, na maumivu peke yake yanaweza kuyajaza. Kwa hiyo usitazame jumla tu, tazama la 1 (raha ya vitu imeondoka), la 2 (huzuni) na la 6 (kujiona mzigo au aliyeshindwa). Hayo yakiwa juu, mwandikie rufaa ya afya ya akili, na mazoezi yaendelee sambamba. Asirudishwe nyumbani kwa "akapone akili kwanza", wala asisubirishwe mpaka kiuno kitulie.

Swali la 9 ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Alama yoyote isiyo sifuri, hata 1, unamwuliza ana kwa ana siku hiyohiyo: amefikiria njia gani, ana nini nyumbani, nani anakaa naye. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa pa kulitua. Akiwa na mpango, haondoki peke yake.

Hapo dawa zinaingia. Amitriptilini ya usiku kwa kipimo kidogo, miligramu 10 hadi 25, husaidia usingizi na baadhi ya maumivu, hasa ya mishipa ya fahamu. Kidonge kilichozoeleka ni cha 25, kwa hiyo wengi huanza na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala. Hicho si kipimo cha kutibu sonona, msijidanganye. Mdomo kukauka na kuamka mzito ni kawaida wiki ya kwanza. Wenye presha ya macho, matatizo ya mapigo ya moyo au mkojo unaosita wapimwe na daktari kwanza. Nyingi kwa mkupuo inaua kupitia moyo. Kwa hiyo mwenye alama kwenye swali la 9 haondoki na pakiti ya mwezi: anapewa ya wiki, akashikiwe na ndugu. Msiichanganye na tramadoli bila daktari kujua, degedege lipo. Na diklofenaki ya kila siku kwa miezi haitibu maumivu haya, inachimba tumbo na kuchosha figo.

Moja la mwisho, wanaume. Huku pwani kiuno ni kiuno. Mwanaume akisema "kiuno kinauma" mara nyingi swali lake hajalisema: ni ngiri? Nguvu zitaisha? Hataliuliza mbele ya mkewe wala mbele ya fizio wa umri wa binti yake. Mtoe pembeni, lianzishe wewe. Maumivu ya kawaida ya kiuno peke yake si lazima yakate nguvu za kiume, ila sonona, baadhi ya dawa tulizotaja, kisukari na presha vinaweza. Likiwa jipya na limekuja na ganzi sehemu za siri, rudi kwenye aya ya dharura. Sehemu ya "hofu ya kuinama" ya wanaume wa makamo imekaa hapo, na madodoso tuliyotaja hayaiulizi.

Bi Mkubwa wa Raskazone

Wanangu, mmesema vyema, ila mmeisahau nyumba. Fizio anakaa naye saa moja kwa wiki, nyumba inakaa naye saa zilizobaki.

Mgonjwa akikunja uso, watu kumi wanasema pole, ndoo inapokonywa, godoro linatandikwa. Hamuwezi kuwakataza watu wa Tanga kusema pole, msijaribu. Waambieni waseme mara moja, kisha waulize "leo umefikia ngapi?" badala ya "leo kinaumaje?" Na kazi asinyang'anywe yote, apunguziwe kwa hesabu. Binti akune kizio kimoja, mama akune cha pili.

Kwa Waislamu kuna kipimo ambacho hamkitumii. Sala tano za faradhi ni rakaa 17, yaani rukuu 17 na sujudu 34 kwa siku. Wengi wa wagonjwa hawa wanasalia kitini, na kuinuka kitini ndilo jambo wanalolitamani kuliko kuokota kalamu yenu. Aliye mgonjwa ana ruhusa ya kiti, kwa hiyo asibanwe, wala fizio asitoe fatwa. Akitaka amwulize imamu wake. Akiwa tayari, msianze na alfajiri kwa sababu ina rakaa mbili tu. Mgongo ukitoka kulala ni mgumu, kuinama saa hiyo ndiyo kuzito kuliko zote. Magharibi ni nzuri: rukuu 3, sujudu 6, mwili umeshapata joto. Kwanza rukuu peke yake, mikono magotini, sujudu ya kitini. Wiki ya pili sujudu ya rakaa ya mwisho chini. Halafu zote. Kisha mnahamia isha.

Kuna na wagonjwa ambao shida yao si kuogopa bali kupapia. Siku njema anafua nguo za nyumba nzima, anapiga deki, anakwenda Mgandini kwa miguu; siku tatu zinazofuata kalala. Huyu msimpe mbuzi, mpeni kiwango. Apimwe kutembea mara tatu, siku tofauti, mpaka atakapotaka kusimama mwenyewe. Tuseme dakika 14, 8 na 11. Wastani 11, asilimia 80 yake ni karibu 9. Anaanza na 9 kila siku, anaongeza dakika moja kila baada ya siku mbili. Siku njema ni zilezile, siku mbaya ni zilezile. Lililo gumu kwao ni kusimama kwenye dakika ya 9 siku ambayo kiuno kimenyamaza, na wengi wanadanganya hapo, waulizeni wenzao wa nyumbani. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kiuno cha miaka miwili hakifuati msemo huo.

Fizio wa Ngamiani

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni wote. Nimalizie na dogo: anayetoka Pangani, nauli ya mara mbili kwa wiki hana, na akipata mshtuko wa maumivu katikati anaacha kila kitu. Mnamfungaje?

Mkono kwa Mkono

Mara moja kila wiki mbili ana kwa ana, lakini ndefu, saa moja na nusu, jaribio moja jipya mbele yako na mawili ya kurudia nyumbani. Katikati simu mbili za dakika tano, siku na saa zilizopangwa. Usimwambie apige "kikizidi", maana utakuwa umeyapa maumivu namba yako. Kwenye simu unauliza kitu kimoja: ulitabiri nini, kikatokea nini.

Mshtuko mwambie mapema kwamba utakuja, ili usimkute kama habari mpya. Kukaza siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Mwandikie karatasi yenye mistari michache, kwa mkono na kwa maneno yake: mkojo sawa, ganzi hakuna, miguu inanyanyuka, basi kimeuma na sijaumia. Pumzi ya tumbo, kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa sita, dakika tano. Nusu ya kiwango cha jana kwa siku mbili, si sifuri. Siku ya tatu kiwango kamili. Kama lolote kati ya yale matatu ya kwanza, mkojo, ganzi au miguu, haliko sawa, hospitali.

Karatasi hiyo usiiweke kwenye faili. Ibandikwe jikoni kwake, pale mbuzi inapotundikwa.

Bi Mkubwa wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Na mwenye kuisoma karatasi awe anajua kusoma. Kama hajui, chora.